Nyumba moja, familia tatu: sensa ilipaswa kutuandika kaya ngapi?

Mtoto_wa_Tandika:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa anayeelewa mambo haya.

Tunaishi nyumba aliyoiacha marehemu mzee wetu hapa Dar. Mama anakaa na kaka mkubwa, mke wake na watoto, na wote hao wanakula pamoja. Mimi na mke wangu tuna vyumba viwili upande wa uani. Tuna jiko letu la gesi na kila kitu tunajinunulia. Dada yetu aliyeachika yupo chumba cha mbele na watoto wake, naye anajipikia. Kuna na mpangaji mmoja.

Sensa ya 2022 karani alimkuta kaka peke yake. Ndugu wote tuliandikwa kaya moja, kaka akiwa mkuu wa kaya. Mpangaji akaandikwa peke yake. Sasa tumeanza kuzungumzia mirathi, na mama ana hofu kwamba serikalini nyumba inasomeka ni ya kaka. Je, ilikuwa sahihi kutuweka pamoja? Na hiyo hofu ina msingi?

Karani_Mstaafu:
Pole mkuu. Nilikuwa karani mwaka huo, ngoja nieleze tulivyofundishwa.

Kaya ni mtu au watu wanaoishi pamoja na kushirikiana katika mahitaji ya maisha, hasa chakula. Undugu hauunganishi kaya, na paa moja haliunganishi. Ndiyo maana dada wa kazi anayelala na kula kwenu anaingia kaya yenu hata kama si ndugu, na mdogo wako wa tumbo moja anayejipikia chumba cha pili ana kaya yake. Kwa maelezo yako mlipaswa kuwa kaya nne: ya mama na kaka, yako, ya dada, na ya mpangaji. Jengo lingebaki moja, kwa sababu sensa ya majengo ilikuwa zoezi lake lenyewe ndani ya kazi ile ile.

Tatizo liko kwenye swali la kwanza. Ukimuuliza mtu "mko wangapi humu ndani?", atakutajia nyumba nzima. Ukimuuliza "nani wanakula pamoja?", majiko yanaanza kujitenga.

Bi_Mwera:
Hapo kwenye chakula naomba niongeze. Baba yangu ana wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake. Zilikuwa kaya mbili, na baba akahesabiwa alikolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Kule kwingine mama mdogo ndiye aliyekuwa mkuu wa kaya. Wazee walinung'unika, lakini bila hivyo baba angehesabiwa mara mbili.

Takwimu_Kwanza:
Msione ni jambo dogo. Wastani wa watu kwa kaya ulikuwa 4.7 mwaka 2012, ukashuka hadi 4.3 mwaka 2022. Kila kaya tatu zinapoandikwa moja, wastani unapanda na hesabu ya kaya inapungua, na wakina mama kama dada yako, wanaolea watoto peke yao, wanamezwa ndani ya kaya ya kaka. Mwanamke anayeendesha maisha yake mwenyewe anasomeka kama "ndugu wa mkuu wa kaya". Hilo linaniuma kuliko yote.

Hata mngekuwa mnakula pamoja kweli, familia zisingepotea kabisa. Kila mtu huulizwa uhusiano wake na mkuu wa kaya: mke, mtoto, mjukuu, mzazi, ndugu mwingine. Kwa majibu hayo wachambuzi huitenga kaya ya baba, mama na watoto na ile yenye ukoo mpana. Ila ndugu wawili wakiwa na watoto, mara nyingine ni vigumu kujua mtoto yupi ni wa nani.

Nchi nyingine huhesabu kwa makazi: wote wanaoishi nyumba moja ni kaya moja, hata wakipika mbalimbali. Sisi tunafuata chakula.

Wakili_Mtaani:
Kuhusu mama, mtulizeni. Mkuu wa kaya ni yule ambaye wanakaya wenyewe wanamtambua hivyo, mwanamume au mwanamke. Si hati ya nyumba. Taarifa za mtu mmoja mmoja zinalindwa na Sheria ya Takwimu, Sura ya 351. Zinatumika kwa takwimu tu. Suala la nyumba lina njia yake: kikao cha familia kimpendekeze msimamizi wa mirathi, kisha mahakama imteue. Anzeni huko, msisubiri.

Mtoto_wa_Tandika:
Shukrani sana, wakuu. Mama nimemsomea, amepumua. Moja tu limebaki: watoto wa dada mchana wanakula kwa bibi yao. Hao wangekuwa wa kaya ipi?

Karani_Mstaafu:
Ya mama yao. Wanalala kwake, yeye ndiye anayewalisha na kuwavisha. Sahani ya mchana kwa bibi haiwahamishi. Sensa ijayo dada akae na karani mwenyewe, asijibiwe na mtu.