Nimerudi Ujiji baada ya miaka 13, lakini msibani bado naletewa kiti. Nifanyeje?

BintiKitongoni — Jumapili, 2 Februari 2025, saa 3 usiku

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo lenyewe likisemwa kwa ufupi linaonekana dogo.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kitongoni. Niliondoka 2011 kwenda Uingereza, na miaka yote hiyo 13 nimefanya kazi moja tu, kuhudumia wazee katika nyumba za kulelea wazee mjini Leicester. Kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza usiku wasipate vidonda, kuwashika mkono wanapokata roho. Nimerudi mwisho wa Agosti 2024. Ziwa Tanganyika lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa baada ya ile miezi 3 ya kupumzisha samaki, na jioni niliyofika mama alinipikia migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo. Nilikula nikilia, na mama naye akalia, tukamaliza sahani.

Mama ana miaka 79. Binti yangu wa miaka 19 amebaki kule, anasoma chuo. Nyumba ninayo, vyumba vitatu, niliijenga kidogo kidogo tangu 2016, na mdogo wangu aliyesimamia hakunidhulumu hata mfuko mmoja wa saruji. Nalisema hili makusudi, kwa sababu najua wengi mtadhani ndugu wamekula hela. Hawajala. Shida yangu ni nyingine.

Oktoba alifariki jirani yetu, mama aliyekuwa akinisuka nywele nikiwa darasa la tatu. Nikaenda msibani saa nne asubuhi na kanga zangu mbili. Wanawake wako uani, masufuria yako mafigani, huyu anachambua mchele kwenye ungo, yule anamenya vitunguu. Nikasalimia, nikainama kuchukua kisu. Mama mmoja akakitoa mkononi mwangu kwa upole kabisa, akamwita mtoto: "Mletee shangazi yako kiti." Kikaja kiti cha plastiki. Nikawekwa barazani peke yangu na soda. Saa nzima natazama migongo ya watu niliokua nao, nawasikia wanacheka, wanaimba kaswida, wanagombana juu ya chumvi. Baadaye likaletwa daftari la michango, nikatoa laki mbili. Hapo nikashukuriwa sana.

Novemba harusi ya mtoto wa binamu yangu, kiti. Januari msiba mwingine, kiti. Hata ndani ya nyumba ya mama ni hivyo hivyo. Wote wanakula sinia moja, mimi natengewa sahani na kijiko. Wifi yangu akiniona nashika ndoo ananipokea mbio.

Sasa kuna jambo linalonisukuma kuandika leo. Sikubadili uraia, pasi yangu ni ya Tanzania, kule niliishi kwa kibali cha kudumu. Kibali hicho kinakufa ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo. Kwangu ni Agosti 2026. Msimamizi wangu wa zamani ameniandikia kwamba nafasi yangu ipo. Na nikisema ukweli wa moyo wangu, kule kulikuwa na wazee wasiojua hata jina langu, lakini asubuhi nikifungua mlango walikuwa wananinyooshea mkono niwainue. Hapa kwetu ananinyooshea mkono anayetaka pesa tu.

Mliorudi, mlifanyaje mpaka mkaacha kuwa wageni? Na ninyi mliobaki, niambieni bila kunionea haya, mnatuonaje?

---

MzeeWaIsevya — Jumapili, saa 4:20 usiku

Binti yangu, nakuandikia kutoka Tabora. Mimi nilikuwa Zambia, migodi ya shaba, Kitwe, miaka 18. Nilirudi 1998 nikamkuta baba ameshazikwa. Barua ilipishana nami njiani.

Mwaka wa kwanza nilikaa kwenye kibanda changu cha duka hapa Isevya, watu wananiita "Mzambia". Ni jina la heshima, lakini mtu haitwi kwa jina la nchi nyingine akiwa kwao. Kilichonitoa ni mjomba wangu wa Sikonge. Yeye ni mrina asali, mizinga yake ni ya magome ya miti, ile ya zamani. Nikamwambia: mjomba, mimi sijui kitu, nifundishe. Msimu wa kwanza nilibeba maji na kuni tu, tunalala porini, nyuki wananiuma usoni, vijana wadogo kuliko wanangu wananituma. Msimu wa pili nikaachiwa kushika moshi. Msimu wa tatu nikapanda mti.

Nikuulize, binti. Tangu Agosti umemwomba mtu yeyote hapo Ujiji akufundishe jambo? Umeingia na ujuzi, nyumba na akiba. Mtu aliyekamilika hivyo watu hawajui wamshikie wapi. Hata kupika wali wa watu mia mbili kwa kuni ni kazi ya kujifunza, na mikono yako imekaa miaka 13 kwenye jiko la umeme.

Hilo la kibali sina la kukushauri. Lakini usiamue ukiwa na uchungu wa kiti.

---

NipoCoventry — Jumatatu, 3 Februari, saa 1 asubuhi

Dada, pole. Samahani nakuchepusha kidogo, nami nafikiria kurudi mwakani. Je, michango yako ya pensheni ya serikali ya huku imekuwaje? Na mizigo uliingizaje?

---

BintiKitongoni — Jumatatu, saa 3 asubuhi

Mzee wangu wa Isevya, shikamoo. Swali lako nimelala nalo. Jibu ni hapana, sijamwomba mtu.

Ndugu wa Coventry, kwa kifupi. Pensheni ya serikali ya kule inahitaji angalau miaka 10 ya michango ili upate chochote, na miaka 35 ili upate yote. Mimi nina miaka 12 iliyotimia, kwa hiyo kwangu ni 12 juu ya 35. Kwa kiwango kamili cha mwaka wa fedha 2024/25, pauni 221.20 kwa wiki, ilikuwa kama pauni 76 hivi, na nitaanza kulipwa nikifika miaka 67. Jua pia kwamba anayeishi Tanzania pensheni yake haipandi kila mwaka kama ya anayeishi Uingereza, inabaki pale pale ilipoanzia. Kama una miaka 8 au 9, hesabu vizuri kabla ya kukata tiketi.

Mizigo: vyombo vya nyumbani ulivyokwisha kuvitumia vinasamehewa ushuru wa forodha kwa mtu anayehamia, ila viingie ndani ya siku 90 tangu ulipofika wewe. Muda ukipita lazima uombe kuongezewa. Gari ni moja, liwe lako na uwe umelitumia huko miezi 12 au zaidi. Tunza risiti na kadi ya gari. Mimi sikuleta gari, nilileta mapipa manne na kitanda cha hospitali cha kukunja kwa ajili ya mama. Mama amekataa kukilalia, kiko stoo.

---

MamaDagaaKibirizi — Jumatatu, saa 9 alasiri

Nimesoma jana nikanyamaza, leo naandika. Mwezi bado mchanga, boti zinatoka usiku huu na mimi alfajiri niko mwaloni kupokea dagaa, kwa hiyo nitasema moja kwa moja.

Dada, mimi ni mmoja wa hao wanaoleta kiti. Siyo kwako, ni kwa wengine kama wewe, nimezaliwa Ujiji na nimeolewa Kibirizi. Umeuliza tunawaonaje.

La kwanza. Mtaani kwetu mchango wa msiba ni elfu tatu na kilo ya mchele. Wewe umetoa laki mbili. Mtu aliyetoa laki mbili mimi nitamwambiaje asugue sufuria? Nikimwambia, kesho nitasikia nimemdharau mtu aliyenunua mchele wote. Hujui, lakini kile kiti ulikilipia mwenyewe. Toa elfu tatu. Ukitaka kumsaidia mfiwa kwa zaidi, mfuate baada ya arobaini, usiku, mkiwa wawili tu.

La pili, unafika saa nne. Saa nne kazi imeshagawanywa zamani, kila mtu ana sufuria lake. Ukimwondolea mtu kisu unamwambia aende wapi? Fika saa kumi na moja alfajiri, moto haujawashwa, kuni hazijapasuliwa. Saa ile hakuna mwenye nguvu ya kumtafutia mtu kiti.

La tatu ndilo linaloniuma, naomba usikasirike. Miaka 13 wamekufa wangapi mtaani kwenu? Mume wangu alikufa maji 2019. Nilikuwa na shoga yangu Dubai, alinitumia pesa siku ile ile, ikanunua sanda na ikalisha watu, Mungu amlipe. Aliporudi likizo alipita kwangu dakika kumi, akaniachia zawadi, akaondoka kwa bajaji. Sijawahi kumwambia, lakini nilitaka aketi chini, aulize alikufaje, anisikilize mpaka nimalize. Eda ni miezi minne na siku kumi. Walioketi nami usiku ule wa upepo ndio leo wanaingia jikoni kwangu bila hodi.

Je, wewe umekwenda kuhani? Nyumba kwa nyumba, kila walipofiwa ukiwa huko? Nenda mikono mitupu. Usibebe bahasha, usibebe sabuni. Nenda ukakae.

Na nikuulize kitu kingine. Wewe umegeuza wagonjwa kitandani miaka 13. Ujiji nzima imejaa wazee waliolala, mabinti zao wanawaburuta kwenye mkeka kwa kutojua. Halafu unasema hapa hakuna anayekunyooshea mkono?

---

KijanaWaGungu — Jumatatu, saa 11 jioni

Bi mkubwa wa Kibirizi kamaliza. Mimi naongeza moja tu, dada kula sinia moja na wenzako. Mama akikutengea sahani, beba sahani yako umimine kwenye sinia. Hatakugombeza mara mbili.

---

BintiKitongoni — Alhamisi, 27 Februari 2025, saa 2 usiku

Nimerudi kuwapa habari, maana mlinijibu kama ndugu.

Dada wa Kibirizi, nilisoma maneno yako nikakasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamwomba mama anihesabie. Tulikaa uani, anataja, mimi naandika kwenye daftari: fulani, mwaka fulani, homa, fulani, uzazi, fulani, ajali ya lori. Nyumba 22. Kwa wengine nilikuwa nimetuma pesa na nilikuwa nimesahau kabisa. Pesa niliikumbuka, mtu sikumkumbuka. Hilo limenishtua kuliko kiti.

Nimekwenda nyumba 17 mpaka sasa, mikono mitupu. Nyumba ya kwanza niliona haya, sikujua mikono niiweke wapi. Nyumba ya tatu mzee alinieleza mkewe alivyokufa kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Nyumba moja hawakunifurahia. Binti wa marehemu alisema, "Umechelewa miaka sita," akaendelea kufua. Nikakaa hapo hapo mpaka akaanika nguo zote, nikaaga. Nitarudi.

Nyumba ya tisa kuna bibi wa miaka themanini na kitu, amepooza upande mmoja tangu mwaka jana. Ana kidonda mgongoni karibu na makalio, na kisigino kimoja kimeanza kuwa chekundu. Wajukuu zake wanampenda mno, wanamwogesha kila siku, ila walikuwa wanamlaza chali usiku kucha. Sikuweza kunyamaza. Nikawaonyesha namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili, ubavu huu, kisha ubavu ule. Mto katikati ya magoti, kisigino kisiguse godoro, anyanyuliwe kwa shuka na watu wawili, asiburutwe. Na kidonda kile akaone daktari, nikaenda nao. Kile kitanda cha kukunja kilichokuwa stoo sasa kiko kwake. Mama ndiye aliyesema kiende.

Mimi nimechukua zamu ya usiku siku tatu kwa wiki. Sikuombwa, wala silipwi. Bibi hasemi vizuri, lakini nikiingia anainua ule mkono unaofanya kazi.

Mzee wa Isevya, nimeomba kufundishwa. Yule mama aliyenitoa kisu mkononi Oktoba ndiye mpishi mkuu wa misiba mtaani kwetu. Nilimfuata kwake nikamwambia sijui kupika wali wa kuni wa watu wengi. Alinitazama kwa muda, akaniambia, "Kwanza utajifunza kupalia moto."

Juzi umetokea msiba mtaa wa pili. Nilifika saa kumi na moja kasoro, giza. Walikuwa wanawake wanne tu. Nikapasua kuni, nikatoa elfu tatu yangu na mchele wangu kilo moja kama watu. Hakuna aliyeniita shangazi wala dada wa Ulaya. Ilipofika saa tatu hivi yule mpishi akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua: "Wewe binti Kitongoni, sufuria hilo halijasuguliwa, unamngoja nani?" Nikasugua. Majivu na mchanga, kucha zangu zote zimekwisha.

Kuhusu Agosti 2026 bado sijaamua. Binti yangu yuko kule na mimi ni mama yake, siwezi kulisema hili kwa wepesi. Msimamizi nimemjibu kwamba kwa sasa siji.

Keshokutwa au siku inayofuata tunaanza mfungo, Inshallah, na jikoni kwa mama tumepanga zamu, yangu ni futari ya siku ya kwanza. Mnisamehe nakata hapa. Inakaribia saa tatu, bibi anatakiwa kugeuzwa.