Kuunga chumba na choo nyumba ya zamani ya mzee huko Ngamiani, fundi anataka kuchomeka tofali kwenye ukuta wa udongo

MtotoWaNgamiani
Wakuu habari za jumapili, naombeni mwongozo kabla sijatuma hela nyingine.

Nyumba ipo Tanga, Ngamiani, ni zile za Kiswahili kabisa, korido katikati vyumba vitatu huku vitatu huku, baraza mbele, uani kuna jiko, stoo na choo. Mzee alimalizia 1976, ukuta ni miti na udongo, lipu ya simenti tukaja kupiga baadae miaka ya tisini. Mzee alifariki 2009, sa hivi anakaa mama, mdogo wangu wa mwisho na wapangaji wawili. Mama ana miaka 74, magoti hayamtaki, na choo kipo mwisho wa ua. Mwezi wa tano kwenye mvua alitoka usiku akateleza, Alhamdulillah hakuvunjika ila tukasema bas, ajengewe chumba chenye choo ndani.

Mpango wa fundi ni huu: chumba futi 12 kwa 12 na choo futi 5 kwa 7 nyuma ya chumba anacholala mama sasa, tunatoboa ukuta tunaweka mlango, tofali mpya anazichomeka meno kwenye ukuta wa zamani ili "zishikane", kwa hiyo tunaokoa ukuta mmoja, na kenchi (mbao za kubeba paa) zinalala juu ya ukuta wa zamani. Tofali kasema 400 zinatosha. Nishampa milioni moja na laki mbili ya kuanzia. Mi nipo Dodoma kikazi, dada yangu mkubwa ndo anasimamia na yeye roho yake haijatulia, anasema huyo fundi akiulizwa swali anacheka tu. Je yupo sahihi?

mzee_wa_lenta
Mkuu mzuie huyo fundi leo leo, usingoje kesho.

Nyumba ya miti na udongo ukuta wenyewe haubebi kitu, kinachobeba ni zile nguzo zilizozikwa chini, na zimezikwa futi mbili hivi, kazi ya udongo ni kuziba tu. Ukitoboa mlango lazima ukate fito na pengine nguzo moja au mbili, na juu ya hizo nguzo ndo limelala paa la zamani. Halafu umlundikie na kenchi mpya na bati mpya? Hapo unamtafutia mama balaa kubwa kuliko la kuteleza.

Kuhusu kuchomeka meno, hata ingekuwa nyumba ya tofali nisingekushauri. Nyumba ya mwaka 1976 ishakaa, ardhi chini yake ishabanana kadri ya kubanana. Chumba kipya kitatitia kidogo mwaka wa kwanza na wa pili, hiyo haina ujanja, kila jengo jipya linatitia. Sasa kimoja kinashuka kingine kimesimama na umevifunga pamoja, ufa unatokea palepale kwenye maungio, unaziba kila mwaka na kila mwaka unarudi. Kwako itakuwa mbaya zaidi maana upande wa pili ni udongo, tofali likishuka linaondoka na kipande cha ukuta.

Mi ningefanya hivi. Chumba kisimame chenyewe kwa miguu yake, kuta nne zake, msingi wake, lenta yake (ule mkanda wa zege juu ya kuta) na paa lake. Kiache futi 4 kutoka nyumba kubwa, hizo futi 4 unazifunika bati inakuwa kama kibaraza cha kupitia. Na mlango wa kutoboa wa nini wakati korido ya nyumba za Kiswahili ina mlango wa uani tayari? Mama anatoka kwenye korido anapita chini ya bati anaingia kwake, halowi.

Hiyo ya kuacha nafasi inakusaidia na kwenye paa pia. Nyumba hizi paa la nyuma limeshuka sana, ukichomeka bati mpya chini ya bati ya zamani chumba kinakuwa kifupi kama banda la mbuzi na joto lake la Tanga unalijua. Ukisimamisha juu ya bati ya zamani maji yote yanamwagika yanapokutana, na hakuna fundi wa gata asiyeapa kwamba yake haitavuja.

Sasa hesabu. Kuta zote za chumba na choo ni kama futi 65, kimo futi 10, toa mlango na madirisha unabaki na mita mraba 55 hivi. Tofali la inchi 6 likisimama zinaingia kama 10 kwa mita mraba, hapo 550. Msingi wa futi 3 kozi za kusimama ongeza 180, akilaza ni 250 na zaidi. Weka na za kuvunjika, sema 800. Huyo wa 400 ama hakuhesabu msingi ama anajua utaongeza hela katikati ukiwa huna pa kukimbilia. Zege la chini la msingi, upana futi 2 unene inchi 6, kwa ratio ya 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto) litakula mifuko ya simenti kama 12. Na tofali akuonyeshe anakonunua, mfuko mmoja ukitoa tofali 30 za inchi 6 hiyo nzuri, wengine wanaouza barabarani wanauvuta mpaka 45 na ukiliangusha moja kwa makusudi linarudi kuwa mchanga.

Kidume_Mbagala
Bomoa yote anza upya mkuu, nyumba za udongo zimepitwa na wakati

MtotoWaNgamiani
@Kidume_Mbagala hela ukitoa wewe nabomoa kesho asubuhi 😂 na mama utamwambia wewe

bint_forodhani
Mie wa Unguja, naongezea kidogo kwenye hiyo lipu maana naona watu wameipita. Ule ukuta wenu wa udongo ulipigwa lipu ya simenti miaka ya tisini, ndo maana nina hakika chini karibu na sakafu lipu imevimba na inadondoka vipande, kweli si kweli? Ukuta wa udongo unanyonya maji kutoka chini na unataka kupumua, simenti inamfunga pumzi, maji yanabaki ndani, fito zinaoza halafu mchwa wanakuja kumalizia. Kwetu nyumba za mawe za Mji Mkongwe ugonjwa ni huohuo, kuta za mawe na chokaa zimesimama miaka mia na zaidi, mtu anakuja na simenti yake ngumu, miaka michache chumvi inatokeza ukuta unamomonyoka. Wazee walitumia chokaa si kwa kukosa akili.

Kwa hiyo huko uani msije mkarundika kifusi cha ujenzi wala mchanga kwenye ukuta wa nyumba kubwa, hata kwa wiki mbili. Na maji ya bati mpya yaelekezwe mbali, msiyamwage hapo kwenye futi 4. Palipovimba chini banduweni hiyo simenti, muache ukuta ukauke, mrudishie kwa udongo na chokaa.

Kwenu mna bahati lakini, mnajenga tu. Kwetu Mji Mkongwe hata kuongeza kichoo lazima upite kwa Mamlaka ya uhifadhi kwanza, na ukipita juujuu wanakuja kukusimamisha.

wakili_wa_uswazi
Nani kakwambia wa Tanga "wanajenga tu" dada? Mjini kibali kinatakiwa, hata cha kuongeza. Kinaombwa halmashauri na wanataka uthibitisho wa umiliki, sasa mtoa mada nakuuliza, jina kwenye karatasi ni la nani?

MtotoWaNgamiani
Bado la mzee. Mirathi hatujafungua, tulisema tutafungua tukapoa hivyohivyo.

wakili_wa_uswazi
Nilijua. Miaka yote hiyo na hamjafungua, hamko peke yenu, nusu ya mtaa wenu ndo hivyo. Kaeni kikao cha familia, mteue msimamizi wa mirathi, muandike muhtasari wote msaini, mwende mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo. Kibali aombe msimamizi.

Na jambo ambalo watu wa Pwani tunaona aibu kulisema: mwandike hicho chumba ni hela ya nani. Leo unamjengea mama kwa mapenzi, hakuna anayehesabu. Siku mama hayupo, we utasema chumba changu nilijenga mimi, mdogo wako atasema kiwanja cha baba. Nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya choo, wallahi choo. Ukisema ni zawadi kwa mama iandikwe zawadi, ukisema ni mchango wako utakaohesabiwa kwenye mgao iandikwe hivyo, yoyote sawa.

mama_wawili_msa
Mimi niko Mombasa, huku Majengo tuna nyumba kama hizo hizo kwa hiyo mpango wenu nimeuona. Sijaona mtu amemuongelea mama mwenyewe anatembea vipi. Sisi tulimjengea bibi yetu choo kizuri, tiles zinang'aa, lakini fundi akaweka kidato cha inchi 5 mlangoni eti maji yasitoke, na bibi akawa anaogopa kile kidato kuliko alivyoogopa giza la uani.

Sakafu ya korido, ya kibaraza na ya chumba ziwe usawa mmoja. Na mpime kabla hamjamwaga jamvi (zege la sakafu), kwa sababu ua wa nyumba ya zamani huwa umepanda, miaka yote watu wanamwaga michanga na majivu, unakuta korido iko chini kuliko nje. Kama ni lazima kupanda iwe mteremko mrefu, si kidato. Choo chenyewe cha kukaa, tiles ziwe zile za kukwaruza, chuma cha kushikia ukutani kifungwe wakati wa kujenga si baadaye, na mlango ufunguke kwa nje. Akianguka ndani na mlango unafunguka ndani mwili wake ndio utakaouziba, hamtaingia.

mzee_wa_lenta
Huyo dada wa Mombasa kasema kitu cha maana sana, hiyo ya mlango hata mi huwa nasahau.

Mtoa mada nina swali moja nililisahau. Nyumba ya toka 1976, choo cha shimo, haiwezekani shimo ni lilelile mpaka leo. Mashimo ya zamani yapo wapi? Yakijaa watu walikuwa wanafukia na takataka na udongo juu wanachimba jingine pembeni. Msingi ukikaa juu ya shimo la zamani hakuna nondo itakayokuokoa. Muulize mama.

MtotoWaNgamiani
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, ilibidi nipande basi niende mwenyewe.

Nimemtoa mama uani na kiti chake nikamuuliza mashimo. Kanyoosha fimbo bila hata kufikiria, la kwanza lilikuwa pale, la pili hapa mwaka ule kazaliwa dada yako, la tatu ndo hili la sasa. La pili, wakuu, lipo chini ya kona ambapo fundi keshapiga vigingi na kamba, kona ya choo kipya. Tumechimba kuhakikisha, futi mbili na nusu tu tukaanza kutoa makopo, chupa na sendo moja ya kimanga ambayo mama anasema ni yake. Fundi safari hii hakucheka. Nimemuuliza mama mbona hukumwambia kipindi anapima, kasema hakuniuliza, kaja kaongea na dada yako.

Fundi tumekubaliana abaki kwenye tofali, msingi asimamie mwingine. Chumba kinahamia upande wa kushoto, kinajitegemea, futi 4 kama alivyosema mkuu, mlango wa choo unafunguka nje. Ila hela itaongezeka kwa hiyo tutaanza na msingi na kupandisha mpaka lenta, bati baada ya miezi mitatu. Kikao cha mirathi jumamosi ijayo.

Kimebaki kikwazo kimoja, upande wa kushoto ndo lipo banda la kuku la mdogo wangu na kuku wake 60 na anasema yeye hahami mpaka kuku watage waishe. Kuku wa mayai huwa wanataga mpaka lini jamani?