Vyuo vya uuguzi vinakalia fomu za wahitimu wao huku muda wetu ukiteketea. Nani anavisimamia?

Heshima kwenu wanajamvi.

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Malalamiko yangu ni dhidi ya vyuo vyetu vya uuguzi ambavyo, mhitimu wao anapohitaji kuthibitishwa mbele ya mamlaka za nchi nyingine, huzikalia fomu zake, humpiga danadana kwa miezi, na hatimaye humfanya aombe kama fadhila jambo ambalo ni haki yake. Mimi ni muuguzi msajiliwa na ninafanya kazi wodi ya watoto katika hospitali binafsi hapa Dar es Salaam. Chuo nilichosoma ni cha serikali na kiko mkoani. Sitakitaja, kwa kuwa faili langu bado liko mikononi mwao na ninajua wanavyoweza kulilaza zaidi ya hapo lilipolala.

Kwa wasioufahamu utaratibu, naomba mnivumilie, maana bila kuuelewa mtadhani ninalalamikia kuchelewa kwa karatasi. Marekani haina leseni moja ya uuguzi ya nchi nzima; kila jimbo lina bodi yake, na bodi ndiyo inayoamua kama utaruhusiwa kufanya NCLEX-RN, yaani mtihani wao wa leseni ya uuguzi. Zaidi ya hapo, sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1996 inamtaka muuguzi aliyesomea nje awe na cheti cha VisaScreen, yaani uthibitisho wa masomo, leseni na Kiingereza chake, kabla ya kupewa viza ya kazi. Taasisi inayofahamika zaidi kwa kazi hiyo ilianzishwa Philadelphia mwaka 1977, ikajulikana kwa miaka mingi kama CGFNS, na mwaka 2025 ikabadili jina kuwa TruMerit. Inachotaka ni kwamba transkripti na fomu ya masomo vitoke chuoni moja kwa moja hadi kwao. Mhusika haruhusiwi kuvibeba. Ukivipeleka mwenyewe, hata kama kila herufi ni ya kweli, vinahesabika kuwa havijafika. Nchi za Ghuba nazo zina mtindo huohuo kupitia DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti ambayo huuliza chuo chenyewe kama wewe kweli ulisoma pale.

Sina ugomvi na utaratibu huo hata kidogo. Mwezi Januari 2023 Marekani yenyewe ilifichua kwamba vyuo vitatu vya jimbo la Florida vilikuwa vimeuza vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600, na mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi anajua hatari yake. Nasi tunaijua habari hiyo kwa machungu yetu: uhakiki uliokabidhiwa kwa Rais Magufuli Dodoma mwezi Aprili 2017 ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kwa hiyo wanaotaka kusikia kutoka chuoni wana haki kabisa. Hasira yangu ni kwamba utaratibu mzima umejengwa juu ya dhana kwamba chuo kitajibu kinapoulizwa, na chuo changu hakijibu.

Tazameni fomu yenyewe. Ina jedwali linalotaka saa za darasani na saa za mafunzo kwa vitendo, zikiwa zimetenganishwa kwa kila eneo: uuguzi wa wagonjwa wazima wa tiba na wa upasuaji, uzazi na mtoto mchanga, watoto, na afya ya akili. Transkripti zetu haziandikwi hivyo. Transkripti ya stashahada ina jina la moduli, krediti na daraja ulilopata, basi. Krediti moja kwa mfumo wetu ni saa 10 za kujifunza, lakini ndani ya saa hizo zimechanganywa darasa, maabara, wodi na kujisomea, hivyo hakuna mtu aliyeko Marekani anayeweza kuitazama karatasi ile akajua nilikaa saa ngapi na wagonjwa wa akili. Majibu yamo ndani ya mtaala na ratiba za mazoezi ya wodini, na vitu hivyo viko kabatini katika ofisi ya taaluma ya chuo. Mtu mmoja mwenye mtaala mezani na kikokotoo mkononi anaweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Akiimaliza kwa mhitimu mmoja, ameimaliza kwa darasa zima, kwa sababu wote tulisoma mtaala mmoja!

Fomu yangu, baada ya kukaa muda ambao nilikuwa nimeshaanza kuamini imepotea, ilijazwa nusu. Sehemu ya afya ya akili iliachwa wazi, saa za darasani na za vitendo zote mbili. Darasa letu lilipelekwa Mirembe, Dodoma, kwa mafunzo hayo. Tulikaa huko, tulisainiwa vitabu vyetu vya mazoezi, tulifanyiwa tathmini, na alama zake zimo kwenye transkripti. Lakini nafasi ikiachwa wazi, mtathmini aliyeko ng'ambo haruhusiwi kubuni, naye anaandika kwamba muuguzi huyu ana upungufu katika eneo hilo na huenda akatakiwa kusoma upya. Nilipompigia mtumishi wa chuo anayeshughulikia fomu hiyo kumweleza, jibu alilonipa bado linanitetemesha kwa ghadhabu: "Mdogo wangu, mbona unajipa shida? Weka wewe makadirio, mimi nitagonga mhuri."

Yaani mtumishi wa chuo cha serikali ananielekeza nijaze mwenyewe nyaraka ya uthibitisho wa masomo yangu, kisha yeye aibariki kwa mhuri. Ikigundulika, atakayefungiwa milango ya taaluma maisha yake yote ni mimi. Nilikataa. Tangu nilipokataa, simu yake haipokelewi kwa moyo uleule.

Kuna sentensi nyingine ambayo wengi wenu mmeshaisikia kwa namna moja ama nyingine. Nilipouliza kama kuna ada ya kujaziwa fomu ili nilipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kama malipo mengine yote ya serikali, niliambiwa hakuna ada. Halafu, baada ya kimya kidogo: "Lakini wenzako wakishafika kwenye dola huwa wanatukumbuka." Sijafika kwenye dola yoyote. Ninalipwa mshahara wa hospitali binafsi ya Dar es Salaam, ninalipa kodi ya nyumba kwa miezi sita kwa mkupuo, na fedha za mtihani wa Kiingereza nilikopa kwenye kikoba.

Huo mtihani wa Kiingereza ndio unaogeuza uzembe wa ofisini kuwa hasara ya fedha taslimu. Muuguzi anayetaka VisaScreen kwa njia ya IELTS anatakiwa kupata wastani usiopungua 6.5 na alama 7.0 katika kuzungumza, na matokeo yanadumu miaka miwili tu. Uingereza nao wanapokea matokeo ya miaka miwili. Saa inaanza kuhesabika siku uliyofanya mtihani, na haisimami eti kwa sababu mtumishi wa taaluma yuko likizo, au mkuu wa chuo ana semina Morogoro, au mhuri umefungiwa ndani na mwenye ufunguo hayupo. Namfahamu muuguzi mwenzangu ambaye matokeo yake yaliisha muda wakati fomu yake ikiwa bado haijatoka mkoani. Alilazimika kulipa upya na kufanya upya, akiwa anatoka zamu ya usiku. Nani alimrudishia fedha zake? Chuo hakikuandika hata barua ya pole.

Na hapa ndipo mawakala wanapopatia ulaji. Ukitembea Sinza, Kijitonyama au Kariakoo hutakosa ofisi yenye bango la ndege na muuguzi anayetabasamu. Nilikwenda katika mojawapo nikitaka ufafanuzi. Miongoni mwa huduma walizonitajia bei ni "kufuatilia chuo", na bwana yule alinihakikishia kwamba ana mtu wake ndani katika vyuo kadhaa na kwamba fomu hutoka ndani ya wiki. Fikirini maana yake. Fomu ambayo mimi mhitimu nimezungushwa kwayo mwaka mzima inaweza kutoka ndani ya wiki endapo nitamlipa mtu wa pembeni. Ama anasema uongo ili anile fedha, ama anasema kweli na kuna watumishi wanaouza kwa mlango wa nyuma kazi wanayolipwa mshahara kuifanya. Sijui lipi ni baya zaidi kwa taaluma yetu.

Bwana huyohuyo alinieleza pia kwamba ana fungu la nafasi za wauguzi Uingereza, ukilipia unaingizwa kwenye orodha. Kwa faida ya wadogo zangu mnaosoma uzi huu: Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na mwongozo wa serikali ya Uingereza unakataza waajiri na mawakala kuja kuajiri kwa kampeni katika nchi hizo. Muuguzi mmoja mmoja anaruhusiwa kuomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri, na mwongozo huo unakataza kumtoza muuguzi fedha ili apatiwe kazi. Anayekudai fedha kwa nafasi ya kazi ya Uingereza, muulize anafuata mwongozo upi.

Najua watakuja wa kusema kwamba tunakimbia nchi yenye uhaba wa wauguzi. Uhaba upo, wodini kwangu usiku naulea mwenyewe. Lakini nchi hiihii ina wahitimu wa uuguzi waliokaa nyumbani wakisubiri tangazo la ajira, wengine wanajitolea hospitalini kwa posho ya nauli, na serikali yenyewe kupitia TaESA, wakala wake wa huduma za ajira, imekuwa ikitangaza nafasi za kazi nje ya nchi. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 kuhusu uajiri wa kimataifa wa watumishi wa afya zinatambua pia haki ya mtumishi kuondoka nchini mwake na kwenda anakokubaliwa. Kama taifa linaona tusiondoke, basi litamke hivyo kwa sera, lituajiri, litulipe. Kutuzuia kwa kuificha fomu kwenye droo hakuongezi muuguzi hata mmoja wodini, maana mwenye fomu iliyokwama na asiye na ajira bado yuko nyumbani kwao.

Ninachodai hakihitaji bajeti ya Bunge. Chuo kijaze mara moja jedwali la saa kwa kila mtaala kilichowahi kuufundisha na kulihifadhi. Kiwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina la cheo chake, na barua pepe rasmi ya chuo, kwa kuwa majibu yanayotumwa kwa akaunti binafsi hutiliwa shaka ng'ambo, na yana haki ya kutiliwa shaka. Kiweke ada kama kinaona kazi ni nyingi, ilipwe kwa namba ya malipo na itolewe stakabadhi. Mimi nitalipa leo hii. Na kiweke muda. Mkataba wa Huduma kwa Mteja umebandikwa ukutani pale chuoni, ndani ya fremu ya kioo, na unaeleza transkripti itatolewa kwa siku ngapi. Kuhusu fomu za uthibitisho za nje hausemi neno, na katika ukimya huo ndimo danadana zote zinamoishi.

Nimechoka kupiga simu, kwa hiyo nimehamia kwenye maandishi. Nimemwandikia mkuu wa chuo kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaitaka taasisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 30, na nimeomba mambo mawili: sehemu ya mtaala inayoonyesha saa za afya ya akili, na maelezo ya maandishi kuhusu sababu ya nafasi ile kuachwa wazi. Nimetaja pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa kuwa kumbukumbu za masomo yangu ni taarifa zangu na nina haki ya kuzifikia. Barua imepelekwa kwa mkono, nakala yangu imegongwa mhuri wa masjala wenye tarehe, na maneno ya "wenzako wanatukumbuka" nimeyaandika humo kama yalivyotamkwa.

Wauguzi mliopitia haya, naomba muandike hapa ni hatua ipi mlikwamia na mlijinasua vipi. Msitaje majina ya watumishi. Taja mwaka uliomaliza, aina ya fomu, na muda iliyochukua. Aliyefanikiwa kupata saa za afya ya akili zikiwa zimeandikwa vizuri na chuo chake, tafadhali aeleze ziliandikwaje, ili wengine wapate cha kuwaonyesha watu wa taaluma. Mkuu wa chuo akinijibu, jibu lake nitaliweka hapahapa.