Projekta ya nyota ya nyumbani: ipi inaonyesha anga la Uganda?

Nakku_Ntinda (Kampala)

Habari zenu wote. Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 12. Mwezi Januari tulilala Kalangala, visiwani Ssese, umeme ukakatika, na kwa mara ya kwanza wakaona nyota kama nilivyoziona mimi utotoni kijijini. Tangu turudi Ntinda wananiuliza kila jioni zimeenda wapi. Taa za mji zimezimeza, na mvua za Machi zikianza hata zile chache zilizobaki zitafunikwa na mawingu. Nataka kuwaletea anga chumbani.

Nina njia tatu. Ya kwanza ni Homestar, projekta ndogo ya nyota ya kampuni ya Kijapani ya Sega Toys. Shemeji yangu anarudi kutoka Japani mwezi ujao na amekubali kuibeba. Ya pili ni taa ya galaksi ya leza, zile zinazouzwa kwenye maduka ya simu mjini, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha. Ya tatu ni projekta ya video ya mtumba, niiunganishe na kompyuta yenye Stellarium, programu ya nyota isiyolipiwa.

Pesa inatosha kitu kimoja. Chumba ni kama mita 3 kwa 3 na nusu, dari ni jeupe. Ninachotaka zaidi ni kwamba wakitoka nje siku anga likiwa safi, waitambue nyota waliyoiona ndani. Mngechagua ipi?

Fundi_Ali (Arua)

Nnyabo, hiyo ya pili iondoe kwenye orodha. Taa za aina hiyo nimezifungua nyingi mezani kwangu. Ndani kuna kijileza kimoja cha kijani, na mbele yake kipande cha plastiki chenye mistari midogo mno kinachougawa mwale mmoja kuwa mamia. Vile vitone unavyoviona darini si nyota yoyote iliyopo. Vimekaa kwa mpangilio unaojirudia, ukivitazama dakika mbili utauona. Yale mawingu ya buluu na zambarau ni taa za LED zinazopita kwenye plastiki yenye mawimbi. Kama mapambo ya sebule, sawa. Lakini mtoto hawezi kujifunza Jabari hapo, lile kundinyota lenye mkanda wa nyota tatu, kwa sababu Jabari hayumo.

Halafu kuna macho. Leza ya nyumbani inapaswa kuwa na kibandiko cha daraja lake. Daraja la 2 maana yake mwanga unaoonekana hauzidi miliwati 1. Nyingi zinazoletwa kwangu hazina kibandiko chochote, na mtoto wa miaka 9 lazima atachungulia kwenye tundu. Mimi nisingeiweka chumbani kwa watoto.

Opio_anga (Tororo)

Dada Nakku, Homestar ninayo mwaka wa tatu huu, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2005, na aliyeshirikiana na Sega Toys kuibuni ni Takayuki Ohira, Mjapani yuleyule aliyetengeneza Megastar, projekta ya nyota ya kumbi kubwa, mwaka 1998. Ndani kuna taa ya LED yenye nguvu, mbele yake diski nyeusi yenye vitone vidogo mno vinavyopitisha mwanga, kisha lenzi. Pasipo kitone, mwanga haupiti kabisa, ndiyo maana weusi wake ni weusi kweli. Ina nyota 60,000. Jicho la mtu kijijini kusiko na taa huona kama 3,000 kwa wakati mmoja, basi zile zilizozidi huzioni mojamoja. Zinakusanyika kuwa ukungu, na ukungu huo ndio Njia Nyeupe. Usiku wa kwanza niliiwasha nikakaa kimya mpaka mke wangu akaja kuuliza kama niko salama.

Kuna diski yenye mistari ya makundinyota na nyingine isiyo na mistari. Anza na yenye mistari, kisha badilisha uone nani anakumbuka.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyenieleza kabla sijanunua. Diski inayokuja na mtambo ni ya kizio cha kaskazini, yaani anga la nusu ya kaskazini ya dunia. Katikati yake pana Nyota ya Kaskazini, na ukiwasha mzunguko, anga lote linaizunguka nyota hiyo. Ukiielekeza juu darini, umewapeleka watoto Ncha ya Kaskazini, kwa sababu huko ndiko nyota hiyo inakaa utosini. Sisi tuko kwenye ikweta. Ule mstari wa Kayabwe, barabara ya Masaka, ambapo watu wanapiga picha, hauko mbali na kwenu. Kwetu Nyota ya Kaskazini inagusa upeo wa macho na kupotelea kwenye vumbi na miti. Nyota za Kampala hazizungukii dari: zinapanda wima kutoka mashariki, zinapita juu, zinashuka wima magharibi.

Nakku_Ntinda (Kampala)

Kaka Opio, umenitia wasiwasi. Kwa hiyo mtambo huo hautufai?

Mwl_Baligeya (Jinja)

Kabla Opio hajajibu, niitetee ile ya tatu, maana mimi ndiyo ninayotumia na wanafunzi.

Stellarium unaiambia uko Kampala, unaweka tarehe na saa, na inakuonyesha anga la Kampala la usiku huohuo. Si la Tokyo. Halafu kuna kitu ambacho diski yoyote haiwezi: sayari. Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali zinahama kati ya nyota, Mwezi nao unahama kila usiku, kwa hiyo huwezi kuzichapa kwenye diski ikabaki kweli. Na kwa mtoto wa mjini, hicho kitone king'avu anachokiona juu ya paa la jirani jioni mara nyingi ni sayari! Atataka kujua jina lake.

Ninasema na upungufu wake. Projekta ya video haiwezi kutoa weusi. Hata picha ikiwa nyeusi tupu, mwanga unavuja na ukuta unakuwa kijivu, nyota hafifu zinazama humo. Feni inanguruma. Zile za taa ya zamani zinakula wati 200 na zaidi, wakati Homestar ya toleo jipya inaendeshwa kwa waya wa USB, hata pawa benki inatosha umeme ukienda. Kwa darasa la watoto 60 nachagua projekta ya video bila kusita. Kwa chumba cha watoto wawili wanaotaka kulala chini ya nyota, sijui kama ningefanya hivyo.

Opio_anga (Tororo)

Mwalimu amesema kweli kuhusu sayari, sipingi.

Dada, mtambo unafaa sana, ila usiuelekeze darini. Uelekeze ukutani. Tafuta ukuta wa kaskazini wa chumba, weka mtambo mita 2 hivi kutoka hapo, ushushe mpaka Nyota ya Kaskazini iwe chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu. Nusu ya duara itamwagika sakafuni. Tandika blanketi jeusi, isahau. Nusu inayobaki ukutani ndiyo anga lako la kaskazini kama linavyoonekana Uganda. Ukiwasha mzunguko, Dubu Mkubwa, kundinyota la kaskazini, atachomoza kulia, atapanda, atazama kushoto. Hivyo ndivyo anavyofanya nje.

Diski ya kizio cha kusini inauzwa peke yake. Mwambie shemeji aitafute akiwa hukohuko. Hiyo unaifanyia vivyo hivyo kwenye ukuta wa kusini, na utapata Msalaba wa Kusini, ambao mtu wa Tokyo hauoni kamwe kutoka nyumbani kwake. Sisi tunaviona vyote viwili. Katikati ya Mei, yapata saa 3 usiku, simama uwanjani: Dubu Mkubwa kaskazini, Msalaba kusini, kila mmoja kama theluthi ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Walio mbali sana kaskazini au kusini hawana bahati hiyo, na watoto wetu wanastahili kuijua.

Wa kumwangalia ni Jabari. Mkanda wake uko karibu kabisa na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta yetu, kwa hiyo kwenye diski ya kaskazini yuko pembeni na amepinda. Huyo wafundishe nje. Mwanzoni mwa Februari, saa 3 usiku, ule mkanda wa nyota tatu unapita utosini mwa mtu aliyesimama Kampala, na hata taa za Ntinda haziwezi kuuficha.

Fundi_Ali (Arua)

Neno moja la umeme. Kama shemeji atapata toleo la zamani lenye adapta yake, asome maandishi mgongoni mwa adapta. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 240. Kama imeandikwa 100–240, badilisha kichwa cha plagi tu. Kama imeandikwa 100 peke yake, itaungua sekunde ya kwanza. Nimeletewa vifaa vingi vilivyokufa namna hiyo.

Na wakati mnamsubiri, chukua kopo tupu la maziwa ya unga. Chora Msalaba wa Kusini kwenye kitako chake kwa nje, lakini uchore kinyume, kama unavyouona kwenye kioo. Toboa kwa sindano, nyota kubwa tundu kubwa, ingiza tochi ya simu ndani, zima taa. Binti yangu ana makopo saba juu ya kabati.

Bi_Hadija (Bombo)

Wanangu, nawasoma kwa furaha. Mama yangu alizaliwa Mombasa, na nyota ya kwanza aliyonifundisha haikuwa Jabari wala Msalaba. Ilikuwa Kilimia, kile kishada kidogo. Wazee walisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kinapotea kwenye mwanga wa Jua mwezi Mei, kinarudi alfajiri mwezi Juni, na mkulima anahesabu hapo. Mwanangu Nakku, ukishapata mtambo wako, kitafute hicho kwanza, kiko upande wa kaskazini.

Na mkiwasha, msubiri. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Simu zikae nje ya chumba. Chandarua nacho kikunjeni juu, kikininginia mbele ya mwanga kitakamata nyota zote.

Nakku_Ntinda (Kampala)

Asanteni sana. Shikamoo Bi Hadija.

Nimeongea na shemeji usiku huu: Homestar, na diski ya kusini akiipata. Stellarium nimeshaiweka kwenye kompyuta kwa ajili ya sayari, bila projekta, tutaitazama tu kwenye skrini kabla ya kuzima taa. Nimepima kaskazini kwa dira ya simu na kuchora alama ya chaki. Ni upande wa kabati la nguo, kwa hiyo kabati linahama Jumamosi. Mkubwa amekwisha kutoboa kopo la kwanza. Msalaba umetoka kinyume, ameanza la pili.