Hivi ni kweli Kimalagasi asili yake ni Taiwan?

MwanaMikindani: Wadau habari za usiku. Madagaska toka hapa Mtwara si mbali kivile, ila nimesoma lugha yao sio ya kibantu kabisa, eti chimbuko lake Taiwan. Mi nilijua Taiwan ni Kichina tu. Hao wenyeji wa Taiwan ni kina nani na lugha zao bado zipo?

Mmakua wa Masasi: Zipo mkuu ila hali mbaya. Wachina wameanza kuhamia kwa wingi miaka ya 1600, wenyeji wako pale maelfu ya miaka. Serikali inatambua makabila 16, Waamis ndo wengi, wako Waatayal, Wapaiwan, Wabunun na wengine, ila wote pamoja hawafiki asilimia 3 ya watu wa kisiwa. Sasa utamu uko hapa, mtaalamu wa lugha Robert Blust aligawa lugha zote za Kiaustronesia, yaani ukoo mmoja wa lugha kuanzia Madagaska mpaka Hawaii, kwenye matawi 10, na 9 yako Taiwan tu! Hilo moja ndo lilipanda mitumbwi likasambaa kote huko, Kimalagasi kimo humo na ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan cha Borneo. Kwahiyo Taiwan ni babu wa mbali, sio baba. Walipofika Madagaska wakachanganyika na watu wa huku kwetu Afrika, ndo maana ng'ombe wanamwita omby.

Binti Nachingwea: Kilichoziumiza ni shule. Mjapani alitawala 1895 mpaka 1945 akaleta Kijapani, baadae serikali ya Kichina ikalazimisha Kimandarini, yaani Kichina rasmi, mtoto akiongea kilugha shuleni anaadhibiwa. Bibi Pan Jin-yu ndo alikuwa wa mwisho kukiongea vizuri Kipazeh, moja ya lugha hizo za wenyeji, na uzee wote ule bado alikuwa anafundisha watu, akafariki 2010 ana miaka 96. Inaniuma sana, maana huku kwetu bibi anaongea Kimwera mjukuu anajibu Kiswahili na hakuna aliyechapwa.

MwanaMikindani: Dah. Na sasa hivi wanafanyaje?

Mmakua wa Masasi: 2017 ilipita sheria inayozifanya lugha za taifa, televisheni yao ipo tangu 2005, na kuna chekechea mwalimu anaongea kilugha na watoto. Mi naona hiyo chekechea ndo yenyewe, kwenye TV mtoto anasikiliza tu hajibu. Kwangu tumeanza, mezani usiku ni Kimakua, anayetaka mboga aombe kwa Kimakua.