Naomba ushauri: bwawa la kuogelea la nyumba tupu Mbweni linazalisha mbu, tulikaushe au tutie samaki?

Assalaam alaykum. Bwawa ni mita 8 kwa 4, kina wastani mita 1.5, yaani kama lita 48,000. Mwenyewe yuko nje, umeme umekatwa, pampu haizunguki. Sheha ametukubalia kuingia. Maji ni kijani; ukichota kwa bakuli jeupe viluwiluwi vya mbu vinaning'inia kichwa chini, kwa hiyo si mbu wa malaria (wake hulala sambamba na uso wa maji). Kwa joto hili yai huwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10.

Klorini naiona kutupa pesa: gramu 740 za unga wa asilimia 65 zinafikisha miligramu 10 kwa lita, lakini mwani na majani yaliyooza huimaliza upesi. Kukausha nako, masika maji ya ardhini yakipanda hulisukuma bwawa tupu kutoka chini, sakafu ikapasuka. Na mvua moja tu, kidimbwi kipo tena.

Chembe za polistirini (plastiki nyepesi inayoelea na kufunika maji) zilifaa vyooni Makunduchi, ila hapa pa wazi upepo utazirundika pembeni.

Je, perege wadogo wangapi watatosha? Wataishi maji haya? Au Bti (dawa ya bakteria wanaoua viluwiluwi), na irudiwe kila baada ya siku ngapi? Vifuu na matairi ya uani, anakopenda mbu wa kidingapopo, tunaviondoa kwanza.