Virukia vinamaliza miti ya bustani, nikate vyote au kuna vya kuacha?

Mtunza_Njiro:
Wakuu habari za leo, nipo Arusha natunza bustani ya mimea, ile ya miti yenye vibao vya majina. Mwaka juzi kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti na kuinyonya, kilikuwa kwenye mgrevilea mmoja tu pale getini, nikapuuza. Sasa hivi kipo kwenye jakaranda nne na parachichi mbili, na ule mgrevilea umeshakauka juu. Mwaka jana aliitwa fundi akapanda na panga akavunja vichaka vyote, akalipwa akaondoka, masika ilivyoisha pale pale alipovunja vimechipua vitatu vinne.

Jana nikapanda ngazi nione kwa karibu. Kilipoingilia, tawi limevimba kama goti, kuanzia hapo kwenda nchani limesinyaa, ila chenyewe kibichi kinang'aa, maua mekundu, ndege chozi wamejaa. Na mbegu moja ilikuwa imening'inia kwa uzi wa ute, nikaigusa ikaninasa kidole, kuibandua kazi.

Bosi anataka jakaranda kubwa ing'olewe kabisa. Mti ule nimeukuta, Oktoba ukichanua watu wanatoka mbali kuja kupiga picha, roho inaniuma kweli. Kuna dawa?

Msumeno_Moshi:
Pole mkuu. Kosa ni kule kuvunja. Kirukia hakishiki ardhi, mzizi wake umezama ndani ya tawi na unatembea chini ya gome, ukikata kichaka tu hapo umekipogoa, kitarudi na hasira. Kata tawi lenyewe, toka kwenye uvimbe rudi upande wa shina sentimita 30 au zaidi, tumia msumeno maana panga inapasua. Anza kukata kwa chini kidogo ndo umalizie juu, la sivyo tawi likishuka linachuna gome lote.

Kikiwa kwenye shina au tawi nene usilikate, kifyeke usawa wa gome halafu funga nailoni nyeusi pakose mwanga kabisa. Majani yake ya kijani yanakipikia chakula, kwenye mti kinaiba maji na madini, kwa hiyo giza linakidhoofisha. Ila uwe na subira, hata miaka miwili, nailoni ikichanika badilisha.

Dawa ya magugu isikaribie hapo! Inapenya mpaka kwenye mti.

MamaParachichi_Tengeru:
Kaka yangu wahi kabla matunda yake hayajaiva, ukichelewa ndege wameshapanda vingine. Mimi nilichelewa, mparachichi mmoja ukanipa kimatunda kama yai la kuku kiangazi chote.

Mpenda_Ndege:
Naomba na mimi niseme, wasichukiwe ndege. Kuna kindege kidogo kinalia tonk tonk tonk kama mtu anagonga bati, kikimeza tunda kinatapika mbegu na kuipangusa kwenye tawi kwa sababu inanata, ndo kilimo chenyewe hicho. Chozi nao wanaishi kwa hayo maua, na wapo vipepeo wanaotaga kwenye kirukia. Halafu mkumbuke jakaranda imetoka Amerika Kusini, mgrevilea Australia, mwenyeji hapo ni kirukia! Bustani ya mimea ilitakiwa iwe nacho kimoja kwenye mti wenye nguvu, na kibao chake. Chukua kijitawi chenye majani na maua upeleke TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu pale Ngaramtoni, wana hifadhi ya mimea mikavu, watakutambulia ni aina gani.

Msumeno_Moshi:
Kimoja sawa, ila kiwe mbali na jakaranda, na matunda uyachume mwenyewe kila msimu. Na jakaranda kubwa haifi kwa vichaka vichache, inayozidiwa ni ile iliyojaa na ukame juu yake.

Mtunza_Njiro:
Asanteni sana, mmenitua mzigo. Nimeongea na bosi, kakubali tusubiri Agosti na Septemba jakaranda ikipukutisha majani, hapo virukia vinabaki vya kijani peke yake navihesabu tawi kwa tawi, vyenye matunda nashusha wiki hii. Sasa matawi tuchome au niwape mbuzi wa jirani?

MamaParachichi_Tengeru:
Kirukia mbuzi wanakila vizuri tu, wape cha kwenye jakaranda. Ila mzigo wa parachichi uuweke pembeni wote, majani ya parachichi ni sumu kwa mbuzi, na ukishachanganya hutaweza kuchambua.